Chuo "rafiki wa maveterani" na PhD ya elimu ya dini: yaliyonikuta mwenzenu

Ndugu zangu,

Wiki iliyopita alinipigia simu kijana wetu mmoja, mzaliwa wa Dar es Salaam, ambaye anamalizia miaka yake katika jeshi la Marekani. Anataka kusoma udaktari wa elimu ya dini, tena amekwisha pata barua ya kukubaliwa kutoka mahali fulani. Akaniambia, "Kaka, hiki chuo kimeandikwa kabisa kuwa ni rafiki wa maveterani, kina na nishani yake kwenye ukurasa. Natia saini mwezi huu." Nikamwambia mdogo wangu subiri kwanza, usitie saini kitu. Tukazungumza saa mbili nzima. Baada ya hapo nikaona bora niyaandike yale niliyomwambia, maana najua hayuko peke yake. Wengi wetu tuliingia jeshini hapa, na wengi wetu kabla ya hapo tulikuwa walimu.

Mimi nilikuwa nikisomesha somo la dini skuli moja ya Unguja. Nikaja Marekani kwa visa ya mwanafunzi mwaka 2007, na mwaka 2010 nikajiunga na jeshi kupitia ile programu ya MAVNI. Kwa wasioijua, hiyo ilianza 2009 na kusimamishwa 2016, na iliwaruhusu wageni wasiokuwa na kadi ya kijani kuingia jeshini na kupata uraia haraka kama wana lugha zinazotakiwa. Kiswahili kilikuwa miongoni mwao. Nilitumikia miaka minne, nikatoka 2014 nikiwa na haki kamili ya GI Bill, yaani miezi 36 ya kusomeshwa na serikali. Miezi 12 katika hiyo niliipoteza kijinga, na ndiyo iliyonifanya niandike sura za mwisho za tasnifu yangu huku nikifanya kazi ya usiku ghalani. Basi nisikilizeni.

Kwanza tuelewane kuhusu hii miezi 36, kwani hapa ndipo watu wanapoanza kukosea. GI Bill ya sasa, ile iliyopitishwa 2008 na kuanza kufanya kazi Agosti 2009, inampa asilimia 100 yule aliyetumikia miezi 36 au zaidi. Aliyetumikia pungufu hupata pungufu. Mwenye miezi 18 mpaka isifike 24, kwa mfano, hupata asilimia 70. Ukiwa na asilimia 100, chuo cha serikali unalipiwa ada yote ya mkaazi wa jimbo. Chuo binafsi kuna kikomo cha mwaka. Kwa mwaka wa masomo 2024-25 kilikuwa dola 28,937.09. Juu yake kuna posho ya nyumba kila mwezi, na hadi dola 1,000 za vitabu kwa mwaka.

Mtu akisikia miezi 36 anadhani ni miaka mitatu. Siyo. Mwezi unahesabiwa pale tu unapokuwa darasani, na mwaka wa masomo ni kama miezi tisa. Kwa hivyo ukiacha masomo ya kiangazi, miezi 36 ni miaka minne ya masomo. (Na posho ya nyumba haiji wakati wa likizo, kwa hiyo kodi ya Julai itafute mwenyewe.) Sasa PhD ya dini au ya elimu ya dini ni miaka mingapi? Masomo ya darasani miaka miwili au mitatu, kisha mitihani mikubwa, kisha tasnifu. Mtu akimaliza kwa miaka mitano watu humpongeza; sita na saba ni kawaida. Na wengi wetu tayari tumekwisha kula sehemu ya ile miezi kwenye shahada ya pili. Kwa hiyo suala lenyewe hasa ni hili: nani atakulisha mwaka wa tano na wa sita? Chuo kisichoweza kulijibu hilo hakina urafiki na wewe hata kikikupigia ngoma getini.

Nije kwenye nishani. Hakuna ofisi ya serikali inayotoa cheti cha "urafiki" kwa maana ile watu wanayoidhani. Kuna amri ya Rais Obama ya Aprili 2012, inayoitwa Principles of Excellence, ambayo vyuo huikubali kwa hiari, na vinaahidi kumueleza mwanafunzi gharama zote kwa uwazi na kutomshawishi kwa hila. Hiyo ina maana yake. Lakini nishani nyingi zinatoka kwa magazeti na makampuni binafsi. Mwaka 2017 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilimalizana na kampuni ya Victory Media, ambayo ndiyo ilikuwa ikitoa orodha ya Military Friendly. Tume ilidai kwamba chombo chao kimoja cha kumtafutia askari chuo kilikuwa kikionyesha vyuo vilivyolipia tu, pamoja na vyengine ambavyo kampuni yenyewe haikuviweka katika orodha yake ya vyuo rafiki. Sisemi kila nishani ni ya kununua. Nasema nishani uifanye kitu cha mwisho kukitazama.

Mimi nilikiangalia mwanzo. Mwaka 2015 nilijiunga na seminari moja ya mtandaoni, sitaitaja, iliyokuwa na nishani kama jenerali. Simu zao zilikuwa tamu, wananiita "sir" kila neno la tatu. Nikasoma miezi 12 kwa shahada ya pili. Kisha nikapeleka matokeo yangu vyuo vitatu vya maana, vyote vikanijibu kwa adabu kwamba kredit zile hazipokelewi, kwa sababu ithibati ya seminari ile siyo ile wanayoitambua wao. Miezi 12 ikaondoka na maji. Tangu sheria ya 2017, ile wanayoiita Forever GI Bill, chuo kikifungwa ukiwa katikati unaweza kurudishiwa miezi yako. Changu hakikufungwa. Bado kipo, na nishani bado ipo.

Kwa hivyo ithibati kwanza. Katika masomo ya dini Marekani zipo za aina mbili ambazo ukizikuta pamoja unaweza kulala usingizi: ithibati ya chuo kizima kutoka zile taasisi kubwa ambazo zamani zilikuwa zikigawana nchi kwa kanda, na ithibati ya ATS, umoja wa skuli za theolojia za Marekani na Kanada. Ukikuta chuo kinasema kimethibitishwa na jina usilolijua, tafuta jina hilo kabla hujatafuta kitu chengine. Halafu angalia na jina la shahada. PhD na EdD siyo DMin. DMin ni shahada ya watu waliomo tayari katika huduma, wachungaji na mfano wao, na ni nzuri kwa kazi yake, lakini ukirudi nayo nyumbani kuomba kazi chuo kikuu utaulizwa maswali mengi. Kijana wetu barua yake ilikuwa ya DMin. Hakuwa amegundua, aliona neno "Doctor" akafurahi.

Hapa inabidi niseme kidogo kuhusu elimu ya dini yenyewe, kwa sababu sisi tunatoka pahala ambapo neno hili lina maana nyengine. Kwetu Unguja dini ni somo skuli, linasomeshwa na serikali. Kenya mtoto anafanya mtihani wa taifa wa dini, ya Kikristo, ya Kiislamu au ya Kihindu. Wenzetu walioko Uingereza wanajua kuwa dini ni somo la lazima katika skuli za serikali, japo mzazi anaweza kumtoa mwanawe, na silabasi yake hukubaliwa na kila eneo. Marekani hakuna kitu hicho. Mwaka 1963, katika kesi ya Abington dhidi ya Schempp, Mahakama Kuu ilikataza kusoma Biblia kwa ibada katika skuli za umma, lakini ikasema wazi kwamba kusoma habari za dini kama elimu hakuna ubaya. Kutokana na hapo vyuo vikuu vya serikali vikafungua idara za taaluma ya dini kwa wingi, lakini "elimu ya dini", yaani namna ya kuisomesha imani na kulea watu ndani yake, ikabaki kwa seminari na vyuo binafsi. Chama chao cha taaluma, Religious Education Association, kilianzishwa Chicago mwaka 1903, kwa hiyo siyo jambo la jana.

Matokeo yake kwa veterani ni makubwa. Mahala ambapo GI Bill inalipa ada yote, yaani chuo cha serikali, ndipo ambapo shahada unayoitaka ni adimu. Na mahala shahada ilipo, yaani vyuo binafsi, ndipo penye kikomo. Njia moja ya kuzunguka ni kuingia chuo cha serikali katika idara ya dini au skuli ya elimu, ukaandika tasnifu kuhusu kusomesha dini. Indiana na Virginia, kwa mfano, wana idara za dini zenye nguvu, na Indiana ina na jadi ndefu ya masomo ya Afrika na Kiswahili. Na tangu marekebisho yaliyoanza Agosti 2021, veterani anayetumia GI Bill hutozwa ada ya mkaazi hata kama amefika jimboni jana, bila ya ule muda wa miaka mitatu tangu kutoka jeshini uliokuwapo zamani. Ni njia nzuri kwa mtu anayetaka kurudi kusomesha chuo kikuu kwetu.

Kuna wenzetu wanaogopa kwamba pesa za serikali haziwezi kulipia seminari kwa sababu ya kutenganisha dini na serikali. Msiwe na wasiwasi. Pesa ni haki ya askari, yeye ndiye anayechagua. Mahakama Kuu ililigusa jambo hili mwaka 1986 katika kesi ya Witters, kipofu aliyekuwa akitaka msaada wa serikali ya jimbo la Washington asomee uchungaji, ikasema Katiba ya nchi haizuii. Miaka 18 baadaye, katika kesi ya Locke dhidi ya Davey, ilisema pia kwamba jimbo linaweza kukataa kutoa skolashipu yake kwa masomo ya uchungaji likitaka. Lakini hiyo ni skolashipu ya jimbo. GI Bill ni ya serikali kuu na seminari zimo.

Sasa Yellow Ribbon, utepe wa manjano. Ada ya chuo binafsi ikipita kikomo, chuo kinachoshiriki hutoa sehemu ya tofauti, na VA wanatoa kiasi kile kile. Ni mpango mzuri, lakini ni wa wenye asilimia 100, na chuo ndicho kinachoamua kitatoa ngapi, kwa wanafunzi wangapi, na kwa skuli ipi ndani yake. Yaani chuo kikuu kimoja kinaweza kufungua mlango wazi kwa wanafunzi wa sheria na kuweka nafasi tatu tu kwa skuli ya dini, na kwenye ukurasa wa mbele wakaandika "tunashiriki Yellow Ribbon". Uliza ya shahada yako. Halafu kuna jambo ambalo hata maofisa wengine hawalisemi: seminari nyingi ada zao kwa mwaka haziufikii ule mstari. Hapo utepe hauna kazi yoyote. Nimeona mtu ameacha seminari nzuri eti haina Yellow Ribbon, akaenda chuo ghali chenye utepe ambao nafasi zake zilikuwa zimejaa.

Na kuna vyuo vikubwa ambavyo PhD zao huzilipia vyenyewe, ada inasamehewa na mwanafunzi anapewa posho. Hapo hesabu inageuka. VA hulipa ada ile inayobaki baada ya msamaha, kwa hiyo watalipa kidogo au hawatalipa kitu, lakini posho ya nyumba utaipata, na mwezi utakatwa kama kawaida. Ushauri wangu, na wengine watanipinga: ukipata nafasi ya namna hii, usiguse GI Bill miaka ya mwanzo kama unaweza kuishi. Ikiwa ulitoka jeshini Januari 1, 2013 au baadaye, haki yako haina tarehe ya kufa. Iweke kwa ule mwaka ambao posho ya chuo imekwisha na tasnifu haijesha.

Lakini kuiweka kuna masharti yake, na hili ndilo swali la tatu nililompa kijana, ambalo naliona kubwa kuliko yote. Mwanafunzi wa tasnifu mara nyingi anajiandikisha kredit moja tu kwa muhula. Posho ya nyumba inataka uwe zaidi ya nusu ya mzigo wa masomo. Kwa shahada za juu, chuo ndicho kinachosema mzigo kamili ni nini. Vyuo vingine vimeandika kwenye kanuni zao kwamba mwenye kuandika tasnifu ni mwanafunzi wa muda wote hata akiwa na kredit moja, na ofisa wao anakuthibitisha hivyo kwa VA. Vyengine havina kanuni hiyo. Tofauti baina ya vyuo viwili hivyo ni kodi yako ya mwaka mzima. Kwa hivyo kabla ya kumtafuta profesa, mtafute yule ofisa anayethibitisha wanafunzi kwa VA. Kila chuo kinachopokea GI Bill kina wake. Muulize kwa maandishi. Akijibu kwa siku mbili na kukupa kifungu cha kanuni, chuo hicho ni rafiki. Akikutumia kijitabu chenye picha za bendera, haya.

Posho yenyewe inafuata msimbo wa posta wa mahali unaposomea, kwa kiwango cha sajenti wa daraja la E-5 mwenye familia. New York au Boston unaweza kupata mara mbili au zaidi ya mtu aliyeko mji mdogo wa Kentucky, ingawa nyumba nazo ni hivyo hivyo. Ukisoma mtandaoni tupu unapewa nusu ya wastani wa taifa. Somo moja tu la kuhudhuria ana kwa ana linakurudisha kwenye kiwango cha mji. Nilikuwa nikisafiri dakika 90 kwa treni kila Jumanne kwa ajili ya semina moja, na semina ile ndiyo iliyokuwa ikilipa nyumba.

Wenye maradhi au ulemavu uliotokana na utumishi, tafadhali msikimbilie GI Bill kabla ya kuulizia VR&E. Huo ni mpango mwengine wa kumrudisha mtu kazini, na mshauri wao akikubali kwamba kazi unayoitaka inahitaji udaktari, wanaweza kukulipia bila ya kile kikomo cha mwaka. Kuwashawishi kuhusu elimu ya dini siyo rahisi. Nenda na matangazo ya kazi za kweli mkononi. Na waliotumikia vipindi viwili, kabla na baada ya kuondoka, wasome hukumu ya Rudisill ya Aprili 2024. Huenda wana miezi 48 badala ya 36.

Baada ya pesa, sasa taaluma. Nilipokuwa nikitafuta mwaka 2018, vyuo nilivyovitazama kwa karibu vilikuwa vichache. Fordham, New York, walikuwa na skuli nzima ya dini na elimu ya dini, jambo adimu. Boston College walikuwa na PhD ya theolojia na elimu, na uzuri wa Boston ni kwamba skuli za dini pale zina umoja wao, unaweza kuchukua somo Harvard au Boston University ukiwa umesajiliwa kwengine. Garrett, seminari ya Kimethodisti pale Evanston, ilikuwa jirani kabisa na Northwestern, yenye maktaba ya Herskovits ya taaluma za Afrika iliyoanzishwa 1954. Mtu anayeandika juu ya chuo cha Qur'ani cha Unguja au skuli ya misheni ya Magila, maktaba kama ile ni nusu ya tasnifu. Na Hartford, ambayo tangu 2021 inaitwa Hartford International University for Religion and Peace, ina jadi ndefu ya masomo ya Uislamu na wao ndio wanaosimamia jarida la The Muslim World, lililoanza 1911.

Kwa Mwislamu, au Mkristo wa madhehebu mengine, kuna na swali la imani. Zipo seminari zinazomtaka mwanafunzi wa udaktari atie saini tamko la imani yao. Siwalaumu, nyumba ni yao. Lakini lijue mapema, siyo baada ya kuhama na familia. Profesa mmoja aliniambia kwa upole kabisa, "Utapokelewa hapa, ila sijui nani atakayeweza kuisoma kazi yako." Nilimshukuru sana kwa ukweli ule.

Na angalieni kama seminari itakuwepo miaka saba mbele. Sifanyi mzaha. Andover Newton, seminari kongwe kabisa, iliuza kampasi yake ikahamia Yale mwaka 2017. Episcopal Divinity School ya Cambridge ilihamia New York kwa Union mwaka huo huo, na uhusiano wao ukamalizika 2023. Omba kuonyeshwa hesabu za chuo. Nyingi ziko wazi kwa umma.

Kitu kimoja kizuri: tangu Agosti 2019 chuo hakiruhusiwi kukupiga faini wala kukufungia maktaba kwa sababu VA wamechelewesha malipo. Ikitokea, waambie sheria ipo.

Kijana hajatia saini. Ameomba muda mpaka mwisho wa mwezi, ameandika barua pepe kwa vyuo vitatu, na viwili vimekwisha mjibu. Kile chenye nishani bado kimya kuhusu swali la tatu. Aliyewahi kuthibitishwa muda wote kwa kredit moja ya tasnifu, popote pale, naomba anitajie chuo na mwaka, nimpelekee.

Wasalaam,
mwenzenu wa Unguja, sasa Pennsylvania